Nyota Ulizoomba na Mtu Niliyemshuku

Nyakabiga II, Avenue ya 7,
Bujumbura.
Jumapili, tarehe 14 Julai 2002.

Mpendwa dada Béatrice,

Pokea salamu za nyumbani kwa bibi, ambako paa bado lipo na sisi bado tupo chini yake. Hujambo huko Liège? Goti lako linaendeleaje, na yule daktari bado anakupa vidonge vilevile vya rangi ya waridi? Shemeji amepata ile kazi ya ghalani au bado wanamzungusha? Na watoto je, Loïc na Chanelle, bado wanausogeza ugali pembeni ya sahani kama ulivyoniandikia wakati wa Pasaka? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila kikohozi cha vumbi la kiangazi hakijaniacha. Bibi hasikii vizuri tena, lakini likitajwa jina lako anasikia.

Barua yako ya Aprili ilifika imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi iliyonyooka vizuri mno. Wewe hujawahi kubandika kitu kikanyooka, kwa hiyo najua mtu aliisoma kabla yangu. Ndiyo maana hii haipiti posta. Sista Léoncie wa parokia yetu anasafiri Alhamisi kwenda kwenye mkutano wa shirika lao huko Ubelgiji, naye amekubali kuibeba ndani ya kitabu chake cha sala. Nimemfahamu miaka kumi na moja na bado nimemuuliza mara mbili kama kitabu hicho anakiacha ovyo.

Ndani ya bahasha utakuta picha moja tu. Usiitazame kwanza, soma. Picha hiyo ilimweka mtu kifungoni siku sita, na aliyemweka huko ni mimi.

Nianze mwanzo. Ombi lako, nikuambie ukweli, lilinitia wasiwasi. Miaka minane uko huko, hujawahi kuomba kitu isipokuwa ndagala na unga wa muhogo. Ghafla unataka picha ya usiku, nyota nne za Msalaba wa Kusini zikiwa juu ya paa la bibi, kwa sababu huko kwenu hazionekani. Siku mbili nilijiuliza nani amekutuma. Kwa nini usiku? Kwa nini kusini, kwenye vilima, na unajua walioko vilimani na bunduki ni akina nani? Halafu nikakumbuka ulivyokuwa unalala chali mkekani uani ukikataa kuingia ndani mpaka bibi achukue fimbo, nikaona haya. Nisamehe. Siku hizi mtu akinisalimu mara mbili kwa siku moja nataka kujua anatafuta nini.

Filamu mbili ulizompa yule jamaa wa Kanyosha zilifika zote mbili, jambo ambalo nalo lilinishangaza. Kamera ninayo ile ile ya Kirusi niliyonunua kwa mwalimu wa fizikia alipokuwa anafungasha kurudi kwao mwaka wa tisini na nne. Ni nzito kama pasi ya makaa, lakini ina herufi B, na ukiiweka hapo inabaki imefumbua jicho muda wote unaoshikilia kitufe. Nyota zinataka hivyo, maana mwanga wake ni mdogo na unaingia polepole.

Filamu ya kwanza niliiharibu yote, mwezi wa tano. Nilishika kamera mkononi kama mtu anayepiga picha ya komunyo, nikabana pumzi, nikadhani hiyo inatosha. Nikaipeleka dukani, nikarudishiwa negativu bila picha hata moja, nikaambiwa hakuna kitu. Nilipoziinua kwenye taa ya jikoni, nikaona vitu vipo: kila nyota ilikuwa imejichorea mkia wake, huu huku, ule kule. Mkono wangu ndio uliokuwa unatetemeka.

Miguu mitatu ya kamera siwezi kununua, na hata ningeweza, fikiria mimi nisimamishe chuma chenye miguu mitatu uani usiku, katika mji huu. Nilichukua mfuko wa maharage kilo tano, nikauweka juu ya kigoda, nikaikandamiza kamera humo mpaka ikakaa kama kuku anayeatamia. Kitufe nikakifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na kijiwe kidogo chini yake ili kibonyee. Mbele ya lenzi nashika kipande cha katoni nyeusi. Kwanza nafunga mpira, nasubiri kamera itulie, ndipo naondoa katoni. Nikimaliza nairudisha katoni kabla sijagusa kitu kingine. Ukifanya hivyo nyota zinabaki nukta, na senti moja hujatoa.

Lilibaki suala la muda. Saa yangu haiwaki gizani, na tochi siwashi uani hata ukinilipa. Basi nahesabu kwa Salamu Maria. Nilijipima mchana mbele ya saa ya bibi: Salamu Maria mbili kwa mwendo wangu wa kawaida ni sekunde ishirini na tano. Mbili zinatoa nyota safi. Tano, nyota inaanza kuvuta mstari, kwa sababu dunia inazunguka, kama ninavyowafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu na hawaniamini. Kila picha niliiandika kwenye daftari: namba yake, SM ngapi, upande gani. Kwa mfano: 11, SM 2, kusini juu ya vilima.

Ningependa kwenda Kajaga, ufukweni, ambako giza ni giza kweli. Lakini nani aende Kajaga baada ya jua kuzama siku hizi? Nilifanya kazi uani, kuanzia saa moja na nusu usiku, siku zile za Juni mwezi usipoonekana, nikingoja umeme ukatike. Ulipokatika watu walilalamika mtaa mzima na mimi nilifurahi peke yangu. Jirani yetu Dévote, unayemkumbuka kwa shingo yake ndefu, alichungulia juu ya ukuta usiku wa pili.

"Mwalimu, unaongea na nani mu giza?"

"Na Bikira Maria."

"Na yeye anakujibu?"

Nilimwambia nikijibiwa nitampa habari. Alicheka, lakini hakuondoa shingo yake upesi, na tangu siku hiyo nikaanza kuingia uani kwa kunyata. Mtu anayenyata katika ua wake mwenyewe, dada, ameshaanza kuharibika.

Sasa nije kwa mtu mwenyewe. Anaitwa Cirimwami, Mkongomani wa Bukavu, alikimbilia hapa mwaka wa tisini na sita. Ana duka la kusafisha picha katika Quartier Asiatique, nyuma ya duka la vitenge. Anafanya kazi na mwenzake aitwaye Divin, mtu mzima mwenye watoto watatu, ambaye ndiye anayepiga picha za kitambulisho na kukata filamu. Wako pamoja miaka sita. Cirimwami ni mpole, na mimi watu wapole siwaelewi.

Tarehe 17 Juni nilimpelekea filamu ya pili. Ili asiniambie tena hakuna kitu, nilinakili orodha yangu kutoka daftarini kwenye karatasi, nikaifunga na filamu. Nilipokwenda kuchukua, alinipa picha tatu tu, zile za mchana nilizopiga shuleni. Negativu akazishika. Alisema anataka kuzitazama tena taratibu. Halafu akaniuliza nilisimama wapi, saa ngapi, kama umeme ulikuwepo au haukuwepo.

Niambie wewe, mtu wa picha anataka kujua saa kwa nini? Mara ya kwanza negativu alinirudishia, mara ya pili amezikatalia, na safari hii zina vilima vya kusini na karatasi ya mwandiko wangu yenye namba na pande. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikigeuka nyuma kila baada ya nyumba mbili. Wiki nzima sikulala. Niliona wazi kwamba ameshauza picha zangu, na swali lilikuwa moja tu: kwa nani, kwa walio ofisini au kwa walio vilimani?

Jumapili tarehe 30 nilikuwa kwa mdogo wetu, mezani, na mume wake Régis alikuwepo. Unajua kazi ya Régis, yaani unajua kwamba hakuna anayeijua. Watu walizungumza habari za wageni mjini, na mimi, kwa hofu iliyokuwa imenijaa, nikasema sentensi moja. Nilisema kuna Mkongomani wa picha kule Asiatique anaweka picha za usiku za mji huu, sijui anazipeleka wapi.

Ni hiyo tu. Sikusema picha ni zangu. Sikusema kwa sababu Régis naye simwamini, nikaona bora nitoe nusu ya habari nijifiche nyuma ya nusu nyingine. Kama ningemwamini mmoja kati ya wale wawili, yeyote, mambo yasingefika yalikofika. Régis aliendelea kula, nami nikafurahi kwamba hakunisikia.

Jumatano yake watu wa usalama walikwenda dukani. Katika droo ya Cirimwami walikuta negativu na karatasi. Ijumaa jioni Divin alikuja hapa nyumbani, amepita njia ya nyuma, shati limelowa jasho. Alikataa kukaa. Alisema walimuuliza Cirimwami karatasi ni ya nani, naye akajibu ni yake, kwamba anajifunza kupiga nyota. Walimuuliza SM ni nini, na hilo hakulijua. Kabla hawajampakia garini alimnong'oneza Divin aje aniambie nisikanyage dukani.

"Alisema hivi tu," Divin akaniambia. "Mwalimu asikuje. Na wewe, mi sikukuona."

Alipoondoka nilikaa jikoni, dada, na la kwanza nililofikiri nitakuambia bila kulipamba. Nilifikiri: huenda ni mtego, huenda Divin ametumwa. Ilinichukua usiku mzima kukubali kwamba mtu niliyemdhania msaliti alikuwa amelala sakafuni mahali fulani kwa sababu ya mwandiko wangu, na kwamba ameufanya wake.

Jumatatu nilikwenda. Sitataja ofisi. Nilivaa gauni la kanisani, nikabeba kamera, daftari na mfuko wa maharage, na pale mlangoni maharage ndiyo yaliyopekuliwa kuliko vyote, walimwaga yote mezani. Bwana mmoja mwenye miwani alinisikiliza bila kuniangalia. Nilimwambia karatasi ni yangu, nikamfungulia daftari alinganishe mwandiko. Akauliza SM. Nikamwambia. Akavua saa yake, akaiweka mezani, akasema haya, tuone.

Basi nilisimama mbele ya meza ya serikali nikasali Salamu Maria mbili kwa mwendo wangu wa kawaida, na sauti ilinikatika mara moja tu, pale pa saa ya kufa kwetu. Alisema sekunde ishirini na sita. Akaniambia nirudie. Mara ya pili zikawa ishirini na tano, naye midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na yangu, sijui kama alijua. Alinihoji mpaka saa nane mchana, majina ya baba, ya mama, shule, wewe uko wapi na kwa nini. Kamera ilibaki huko. Maharage walinirudishia pungufu. Cirimwami aliachiwa siku ya pili yake.

Jana Jumamosi nikaenda kumwona. Amekonda, na kikombe anakishika kwa mikono miwili. Nilimuuliza kwa nini alisema karatasi ni yake.

"Mi niko mugeni, banazoea kunifunga," alisema. "We, bangekuuliza mpaka na jamaa yako yote."

Kisha akatoa bahasha ya kaki iliyotoka nyumbani kwake. Akanieleza kwamba mashine ya dukani ikiona negativu ya usiku inadhani ni tupu na inairuka, ndiyo maana mara ya kwanza haikutoa kitu. Hizi alizipeleka kwake, akazisafisha kwa mkono moja moja chini ya taa nyekundu, mpaka alipopata hii ya kumi na moja, kisha negativu akazirudisha kwenye droo ya dukani. Saa na habari za umeme aliuliza ili ajue anga ilipaswa kuwa nyeusi kiasi gani. Negativu hakunipa kwa kuogopa mkasi, maana gizani mkataji haoni picha moja inapoishia na nyingine inapoanzia, anaweza kuukata Msalaba katikati. Alinifundisha kwamba siku nyingine picha ya kwanza ya filamu niipige mchana, kitu chochote, hata mlango, ili mkataji apate pa kuanzia. Nilimsikiliza kama mwanafunzi. Nyuma ya picha ameandika tarehe aliyoimaliza, kwa penseli: 29/6. Mimi sentensi yangu niliisema tarehe 30.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimekuja kusema. Lakini alitangulia yeye, akainamisha kichwa karibu na changu na kushusha sauti.

"Divin njo aliniuza," alisema. "Droo, ni mi na yeye tu tulijua."

Dirishani nilimwona Divin uani, amemsimamisha mama mmoja mbele ya shuka jeupe, anamrekebisha kidevu kwa kidole kwa ajili ya picha ya kitambulisho. Cirimwami aliniambia hasemi naye tangu atoke. Jumanne atamwambia achukue vitu vyake, asirudi. Alisema katika mambo haya yote amebaki na mtu mmoja wa kuaminika, na mtu huyo ni mimi niliyekwenda kumtoa. Akanimiminia chai.

Nikainywa. Nilikunywa kikombe kizima, nikashukuru, nikachukua picha nikatoka. Divin aliniamkia mlangoni nami nikamwitikia. Nilijua shaka ilikotoka, nikaiacha imkae yule aliyekuja kwangu na shati la jasho.

Naogopa, dada. Si kifungo ninachokiogopa. Naogopa uso wake nitakapomwambia. Naogopa pia Régis akijua nimesema, na Dévote, na gundi iliyonyooka. Lakini nikiwaza vizuri, hofu zote hizo ninazo miaka mingi na hazijanisaidia kumjua adui hata mmoja. Zimenisaidia kumpoteza mtu mmoja, na keshokutwa zitanisaidia kumpoteza wa pili.

Sasa unaweza kuitazama picha. Ule weusi wa chini ni paa la bibi, na ule mstari mnyoofu ni waya wa kuanikia nguo, sikuuona gizani. Nyota nne ziko juu kidogo, na pembeni kushoto zile mbili zinazong'aa zaidi ndizo tulizokuwa tunazigombania, wewe ukisema ni zako zote.

Nisalimie shemeji, Loïc na Chanelle. Bibi anakubariki na anasema uje kabla hajasahau sura yako. Mdogo wetu anakusalimu, hajui lolote, na wewe usimwandikie. Cirimwami naye anakusalimu. Aliniomba nikuandikie kwamba ametengeneza picha ya dada asiyemjua na anatumaini itampendeza. Salamu hizo nazifikisha, ingawa sikustahili kuzibeba.

Barua hii sijaifunga. Kesho Jumatatu nitakwenda nayo Asiatique, nitaingia kwa Cirimwami Divin akiwepo, niseme mbele ya wote wawili. Nikitoka hapo ndipo nitampa Sista Léoncie. Nisiposema, simpi, na picha itabaki humu drooni mwangu, wewe utadhani nimekupuuza. Kwa hiyo, dada, ikiwa unaisoma, ujue wameshajua ni mimi.

Mungu akufunike huko ugenini na atuonee huruma sisi tulio kwetu.

Mdogo wako, akupendaye hata pale alipokutilia shaka,

Adélaïde